Kaya Zilizohama: Utafiti wa Kagera na Tatizo la Wahojiwa Wanaopotea

Mhojaji afikapo kijijini na kukuta mlango umefungwa, hushawishika kuingia nyumba ya jirani ili hesabu yake itimie. Idadi hutimia kweli, lakini aliyeshinda nyumbani na aliyevuka mpaka wa Murongo kutafuta riziki hawana maisha yanayofanana. Kumweka mmoja mahali pa mwingine ni kupotosha jibu.

Kati ya 1991 na 1994, Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera ulihoji kaya 915, nyingi kati yake mara nne. Karagwe ilikuwamo, nayo wakati huo ilijumuisha eneo ambalo tangu 2012 ni Wilaya ya Kyerwa. Shabaha ilikuwa kupima athari za kifo cha mtu mzima kwa jamaa zake, katika mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983.

Watafiti waliporudi mwaka 2004, kaya moja ya zamani ilikuwa imezaa kaya kadhaa: mabinti wameolewa, vijana wamehamia mijini. Basi ilichukuliwa orodha ya watu wote wa awali, na kwa kila jina jamaa wakaulizwa: yu hai? Anaishi wapi? Nani anajua kwake? Kisha waliohama wakafuatwa katika vijiji vingine, mikoa mingine, hata Uganda. Kati ya kaya zilizokuwa bado na watu hai, asilimia 93 hivi zilipatikana, na kaya zilizohojiwa zikazidi 2,700.

Kazi hiyo ilikuwa ghali. Je, ilikuwa na faida? Mwanafunzi na achukue mfano wa kubuni. Watu 60 wamebaki kijijini na pato lao limekua kwa wastani wa asilimia 10. Watu 40 wamehama, nao limekua kwa asilimia 50. Wastani wa wote ni asilimia 26. Mtafiti asiyetoka kijijini atapata 10. Akiwapata 20 tu kati ya waliohama, atapata 20. Lakini akimpa kila mmoja wa hao 20 uzito wa watu wawili, atarudi kwenye 26, mradi waliopatikana wawe wanafanana na wasiopatikana. Sharti hilo ndilo gumu, na hakuna hesabu inayoweza kulithibitisha kwa takwimu za waliopatikana peke yao.

Kagera yenyewe ilionyesha pengo la namna hiyo. Kati ya watu waliotoka kaya moja, matumizi ya waliohama yalikua zaidi ya yale ya waliobaki kwa pointi 36 za asilimia.

Marehemu, hata hivyo, hawekwi fungu moja na aliyekataa kuhojiwa au aliyehama. Kifo chake ni jibu, nacho huandikwa pamoja na mwaka wake.