Kobalti ya Kakanda na mafuta ya ndege

SWALI: Eti hewa chafu ya viwanda inageuzwa mafuta ya ndege na meli? Sisi wa Kakanda, huku kwenye migodi ya Kongo, inatuhusu nini?

JIBU: Inawahusu sana, ndugu yangu. Umeme hutenganisha maji ili kupata haidrojeni. Kaboni dioksaidi iliyonaswa viwandani hugeuzwa kwanza kaboni monoksaidi, kisha gesi hiyo na haidrojeni hupitishwa juu ya chembe za kobalti, na hapo hutoka mafuta ya ndege. Methanoli, mafuta ya meli, huhitaji chembe za shaba na zinki. Iceland walianza kuitengeneza kwa kaboni dioksaidi takriban mwaka 2012. Kobalti na shaba, madini yenu yaleyale!

Kikwazo ni umeme mwingi mno unaotakiwa. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, ipo tangu 1982. Lakini mimi ningetaka iwashe kwanza taa za nyumba zenu.