Stima Chafu: Kifaa Kinachopunguza Bili Kinavyoweza Kuchoma Kingine

Anayepita usiku karibu na kiwanda cha majani chai, iwe Kebirigo, Sanganyi, Nyamache au Kiamokama, husikia mvumo wa feni. Hizo ndizo hunyausha majani mabichi kabla hayajakatwakatwa, na hula stima nyingi. Ndiyo maana viwanda vya aina hii huvutiwa na vidhibiti kasi, yaani visanduku vya kielektroniki vinavyopunguza mwendo wa mota pale hewa nyingi haihitajiki. Feni ikizungushwa kwa asilimia 80 ya kasi yake hutumia karibu nusu tu ya nguvu. Kwa mkulima anayelipwa kutokana na kinachobaki baada ya gharama, hiyo si faida ndogo.

Lakini vifaa hivyo huchafua stima. Nchini Kenya stima huja kama wimbi laini linalojirudia mara 50 kwa sekunde. Kidhibiti kasi hakiivuti kwa ulaini huo. Huinyakua kwa vipande, na vipande hivyo huzaa mawimbi mengine yanayopanda juu ya lile kuu. Mawimbi hayo huitwa harmoniki. Kidhibiti cha kawaida cha fezi tatu hutoa hasa wimbi la tano, la hertz 250, na la saba, la hertz 350. Hayazungushi feni wala kinu. Hupasha moto nyaya, transfoma na mota, na yakizidi huwasumbua hata majirani walio kwenye laini moja.

Tatizo kubwa zaidi huja na kapasita. Mteja mkubwa ambaye kipimo chake cha matumizi bora ya stima kiko chini ya 0.9 hutozwa ada ya ziada, kwa hiyo viwanda hufunga kapasita kurekebisha kipimo hicho. Kapasita na transfoma zikiwa pamoja huwa kama bembea: zina mdundo wao, na ukisukumwa kwa mdundo huohuo, hata msukumo mdogo hurusha juu. Chukua transfoma ya kVA 1,000 yenye impidansi ya asilimia 5, pamoja na kapasita za kVAr 400. Mdundo wake huangukia karibu hertz 350, palepale penye wimbi la saba la kidhibiti kasi. Kapasita huvimba, fyuzi hukatika kila mara, na fundi asiyepima hulaumu kapasita na kununua nyingine.

Dawa ya kapasita ni kuzifungia koili zinazoshusha mdundo huo hadi hertz 189 hivi, chini ya wimbi la tano. Kwa karakana ndogo, tuseme ya kung'arisha mawe ya Tabaka, choki mbele ya kidhibiti kasi mara nyingi hutosha, na bei yake ni nafuu. Kiwanda kikubwa huweza kuhitaji filta hai. Hii nayo ni elektroniki: husoma mkondo wa stima, hutambua mawimbi machafu, kisha huingiza mkondo ulio kinyume chake ili yafutane. Ni ghali, na haifai kununuliwa kabla ya kupima.

Ofisi na shule hazijaepuka. Kompyuta, chaja na taa za LED hutoa wimbi la tatu, la hertz 150. Mawimbi ya tatu ya fezi zote tatu hayafutani. Hujumlika kwenye waya wa nyutro. Hata fezi zikisawazishwa, nyutro inaweza kubeba mkondo kuliko fezi yenyewe. Kwa kuwa kwa kawaida nyutro haina fyuzi, hakuna kinachokatika: waya huchemka kimya darini. Jengo la zamani lililogeuzwa kuwa maabara ya kompyuta likaguliwe waya huo kwanza.

Mwongozo wa kimataifa wa IEEE 519 unataka uchafu wa volteji usizidi asilimia 5 mahali mteja anapounganishwa na laini za kilovolti 11 au 33. Kipimo cha dakika kumi hakitoshi. Fundi mwenye leseni ya EPRA aache mita ya ubora wa stima kwa wiki nzima, na katika kiwanda cha chai achague wiki ya mvua, majani yanapofurika na feni zote zinapozunguka.