SOMO: Misuli Inayocheza na Usingizi Unaopaa Wakati wa Kufunga Hesabu

Madhumuni ya somo hili ni kuwasaidia makatibu, watunza hazina na wanachama kulielewa jambo ambalo hutokea mara nyingi katika vyama vya msingi, lakini ni nadra kuzungumzwa katika mikutano. Nalo ni hili: mtu mzima mwenye afya njema, msimu wa ununuzi unapopamba moto au siku za ukaguzi zinapokaribia, huanza kuona kope la jicho likicheza lenyewe, kigimbi cha mguu kikirukaruka, na usiku usingizi ukimpaa. Asipoelewa kinachompata, huogopa. Na akiogopa, hali huzidi.

1. Mfano wa katibu mmoja

Tuchukue mfano wa katibu wa chama cha wakulima wa pamba. Mchana kutwa yuko penye mizani, anaandika stakabadhi na kuhesabu fedha mbele ya foleni ndefu. Jioni anafunga daftari la fedha na kukuta kwamba fedha zilizomo sandukuni zimepungua kwa shilingi 27,000. Anajumlisha tena na tena hadi saa sita usiku, wala tofauti haiondoki. Anajilaza, lakini akili yake yaendelea kujumlisha. Akianza kusinzia, mwili wote washtuka kana kwamba anaanguka kutoka mahali pa juu. Saa tisa yu macho. Asubuhi anakunywa vikombe vitatu vya chai ya rangi ili achangamke, na kabla ya adhuhuri kope la jicho la kushoto laanza kucheza.

Hapo mambo mawili humwongezea mzigo. Kwanza, jirani anamwambia kwamba jicho likicheza ni ishara ya habari mbaya. Pili, wanachama wanauona mkono wake ukitetemeka anapohesabu noti, nao wananong'onezana kwamba mtu asiye na hatia hatetemeki. Hivyo katibu aliyeanza na hofu moja, ya shilingi 27,000, sasa ana hofu tatu.

2. Kinachotokea mwilini

Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mwili wa kiumbe aliyeogopa unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, na misuli hukaza. Matayarisho hayo ni mema kwa mtu aliyekutana na chui, maana atakimbia au atapigana, na hatari ikipita mwili utatulia. Lakini katibu hawezi kulikimbia daftari, wala hawezi kupigana nalo. Mwili wake hubaki katika hali ya tahadhari siku baada ya siku.

Katika hali hiyo neva zinazoiamrisha misuli huwa nyepesi kushtuka, na nyuzi chache za msuli hujikunja bila ya amri ya mwenyewe. Huko ndiko kucheza kwa msuli. Uchovu, kazi nzito, na wingi wa kahawa au chai huzidisha. Ama ule mshtuko wa mwili mtu anapoanza kusinzia, huwapata watu wengi walio wazima kabisa. Nao huzidi mtu anapochoka au anapokuwa na mawazo.

Usingizi nao hupotea kwa sababu ile ile. Akili yenye wasiwasi ni kama mlinzi wa ghala aliyeambiwa kwamba mwizi yu karibu: kila mchakacho humwamsha. Kisha hufuata mzunguko. Wasiwasi huleta kucheza kwa misuli. Mtu huanza kuichunguza misuli yake. Kadiri anavyoichunguza ndivyo anavyoiona zaidi. Huingiwa na hofu ya ugonjwa mkubwa. Hulala kidogo zaidi. Na kesho yake misuli hucheza zaidi.

Hofu hiyo ya ugonjwa mkubwa yafaa ijibiwe waziwazi. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, huko Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 121 ambao misuli yao ilikuwa ikicheza bila ya dalili za ugonjwa wa neva. Wagonjwa hao walifuatiliwa kwa muda wa miaka 2 hadi 32, na hakuna hata mmoja aliyepatwa na ugonjwa ule wa kufa kwa neva za misuli unaoogopwa sana.

3. Yapasayo kutendwa

(a) Hesabu zifungwe mchana, tena kila siku. Tofauti ya siku moja hutafutwa katika kurasa mbili. Tofauti ya mwezi hutafutwa katika daftari zima. Aidha, kujumlisha usiku wa manane hakufai, kwa sababu jicho lililochoka hurudia kosa lile lile. Yule katibu wa mfano wetu, baada ya kupumzika, akumbuke kanuni ya zamani ya watunza hesabu: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila ya baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Shilingi 27,000 zikigawanywa kwa 9 ni 3,000. Akipitia hati za malipo moja moja, ataona kwamba malipo ya shilingi 85,000 yameandikwa daftarini 58,000. Hakuna fedha iliyopotea. Kosa lililomnyima usingizi limepatikana kwa kazi ya dakika chache, tena mchana.

(b) Mawazo yaandikwe kabla ya usiku. Baada ya chakula cha jioni, mtu achukue karatasi, aandike kila linalomsumbua, na mbele ya kila moja aandike hatua atakayoichukua kesho. Kisha karatasi ifungwe. Wazo likimrudia kitandani, atajua kwamba limekwisha kupewa zamu yake.

(c) Kahawa na chai zipunguzwe. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini aliyoinywa huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Aliyekunywa kahawa saa kumi jioni, saa tatu usiku angali na nusu yake. Wanachama wa Kagera wakumbuke kwamba hata buni za kutafuna zina kafeini. Pombe nayo isifanywe dawa ya usingizi: humlaza mtu upesi, lakini humwamsha usiku wa manane, na usingizi wake si wa mapumziko.

(d) Kitanda kiwe cha kulala. Mtaalamu wa Marekani, Richard Bootzin, alifundisha kanuni hii mwaka 1972, nayo hutumika hadi leo. Mtu aende kitandani pale tu anapousikia usingizi. Akikaa macho kwa muda wa kama dakika 20, ainuke, aketi mahali pengine kwa utulivu, na arudi usingizi unapomjia. Asichungulie saa wala simu. Asubuhi aamke saa ile ile kila siku, hata kama amelala kidogo, na mchana asilale usingizi mrefu. Siku za kwanza ni ngumu. Mwili huhitaji majuma kadhaa kuizoea ratiba.

(e) Misuli ifundishwe kulegea. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago alieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1929, na wengine waliifupisha baadaye. Mtu ajilaze, akaze ngumi kwa muda wa kuhesabu hadi 5, kisha azilegeze na kuusikiliza ulegevu huo kwa muda mrefu zaidi. Afanye vivyo hivyo kwa mabega, uso, tumbo, mapaja na miguu, huku akivuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Msuli ukicheza katikati ya zoezi, auache ucheze. Asiukamate wala asiuhesabu.

(f) Hofu isifichwe. Kama tofauti ya fedha ni ya kweli, katibu amwarifu mwenyekiti siku ile ile na kuiandika. Tofauti iliyotajwa ni kazi ya Bodi nzima. Tofauti iliyofichwa ni mzigo wa mtu mmoja, na hakuna zoezi la pumzi litakalomlaza anayeubeba.

4. Wajibu wa Bodi na wanachama

Hapana budi wanachama waelewe kwamba mkono unaotetemeka si ushahidi wa wizi. Mwaminifu aliyekosa usingizi siku nne hutetemeka, na mwizi aliyezoea anaweza kuhesabu noti kwa utulivu mkubwa. Ukaguzi hutazama stakabadhi, hati za malipo, daftari la fedha, taarifa ya benki na fedha iliyomo sandukuni. Hautazami kope la jicho la mtu. Chama kinachomhukumu katibu kwa dalili za mwili wake chaweza kumpoteza mtumishi mwema na kumwacha mbaya.

Vile vile, Bodi ijiulize kama yenyewe siyo chanzo cha ugonjwa. Mtu mmoja akipima mazao, akaandika stakabadhi, akalipa fedha na akafunga daftari peke yake, chama kimemweka katika hatari ya kukosea na ya kushukiwa pia. Kugawana kazi hizo ni kinga ya mali ya wanachama, na papo hapo ni kinga ya usingizi wa watumishi wao.

5. Wakati wa kwenda hospitali

Si kila kucheza kwa msuli ni wasiwasi. Mtu asikawie kumwona daktari endapo:

– mkono au mguu unapoteza nguvu, mathalani anashindwa kufunga vifungo au unyayo unaburura;
– msuli unakonda, au ulimi unakuwa mzito katika kusema au kumeza;
– anakonda mwili mzima, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka daima, maana hayo yaweza kutokana na tezi ya shingo;
– kope linacheza kwa majuma mengi, au kucheza kunaenea upande mmoja wa uso;
– dalili zilianza baada ya kutumia dawa mpya, au baada ya kuacha ghafla pombe aliyoizoea;
– usingizi unakosekana siku tatu au zaidi kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, au wasiwasi unamzuia kufanya kazi.

Mtu anayefikiri kwamba afadhali afe asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitali siku ile ile. Wala dawa za usingizi zisinunuliwe dukani bila ya cheti cha daktari, kwa kuwa baadhi yake humfanya mtu ashindwe kuziacha.

6. Maswali ya kujadiliwa

Vikundi vingi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, vilionyesha kwamba somo la afya hushika zaidi likijadiliwa na watu pamoja. Kwa hiyo wanachama na wajadili maswali haya:

1. Katika chama chetu, ni kazi zipi anazozifanya mtu mmoja peke yake ambazo zingefaa kugawanywa?
2. Daftari la fedha hulinganishwa na fedha taslimu kila baada ya siku ngapi, na nani hushuhudia?
3. Katibu akiona upungufu leo jioni, je, anaweza kumweleza mwenyekiti bila ya kuogopa kuitwa mwizi?

Chama ambacho wanachama wake wanaweza kulijibu swali la tatu kwa "ndiyo" kimekwisha kumpatia katibu wake nusu ya dawa ya usingizi.