Mifumo Miwili katika Kompyuta Moja

Kompyuta, kama mashine nyingine yoyote, huchakaa. Lakini mara nyingi huachwa nyuma kabla ya kuchakaa. Mfumo wa Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, huhitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, ambacho hakimo katika kompyuta nyingi za zamani. Mfumo ulioutangulia, Windows 10, ulikoma kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Shule yenye kompyuta za namna hiyo hujikuta njia panda. Kuendelea kuutumia mfumo wa zamani katika intaneti ni kuwaachia wavamizi mlango wazi. Kuufuta ni kupoteza programu za alama na hesabu ambazo huenda zisifanye kazi kwingine.

Iko njia ya tatu, nayo ni kuweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani. Mfumo unaofaa kwa kazi hiyo ni Linux, ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Matoleo yake mengi hutolewa bure, na baadhi yake yametengenezwa kwa ajili ya kompyuta zenye nguvu ndogo.

Zamu mbili, chumba kimoja

Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski, kioo na vifaa vingine vyote. Yafaa ieleweke kwamba mifumo hii miwili haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Ni kama shule ya zamu mbili: wanafunzi wa asubuhi na wa mchana hutumia chumba kile kile, lakini kila zamu ina kabati lake. Kabati hapa ni sehemu ya diski. Chumba ni kumbukumbu. Kwa hiyo kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 huupa mfumo ulio zamuni gigabaiti zote 4. Kinachogawanywa ni diski tu.

Baiti 512 za mwanzo

Katika kompyuta nyingi za zamani, sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512. Baiti 446 ni za programu ndogo ya kuanzishia. 64 ni za jedwali la sehemu za diski. 2 za mwisho ni alama ya utambulisho. Kila sehemu huandikiwa baiti 16, hivyo jedwali lina nafasi za sehemu kuu 4 tu. Kompyuta za baadaye hutumia jedwali kubwa zaidi liitwalo GPT.

Kompyuta inapowashwa, programu ya kuanzishia hutafutwa kwanza. Linux inapowekwa, kwa kawaida huleta kianzishi chake, GRUB, ambacho huonyesha orodha ya mifumo ili mtumiaji achague. Jedwali likiharibika, faili huweza kuwapo diskini lakini zisionekane.

Utaratibu wa kazi

1. Nakili faili zote muhimu kwenye diski nyingine. Hatua hii isirukwe kamwe.
2. Katika Windows, zima uwashaji wa haraka, kisha funga kompyuta kikamilifu. Uwashaji huo huacha diski katika hali ya nusu kazi, na mfumo mwingine ukiiandikia, faili zaweza kuharibika.
3. Punguza sehemu ya Windows kwa kutumia chombo cha Windows yenyewe. Mathalani, diski ya gigabaiti 250 yaweza kuachiwa 150 za mfumo wa zamani na 100 za mfumo mpya.
4. Weka Linux katika nafasi iliyo wazi tu. Ukiulizwa kama diski yote ifutwe, kataa.
5. Baada ya hapo, tumia Linux kwa kazi za intaneti, na Windows kwa zile programu za zamani, bila kuiunganisha na mtandao.

Tatizo la saa

Windows huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa saa ya mahali. Linux kwa kawaida huichukulia kuwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Hivyo Linux ikisharekebisha saa hiyo saa nne asubuhi, Windows ikiwashwa papo hapo huonyesha saa moja. Dawa yake ni kuiamuru Linux ifuate saa ya mahali.

Maswali

1. Kwa nini mifumo miwili haihitaji kumbukumbu maradufu?
2. Jedwali la zamani huhesabu sekta kwa namba ya biti 32. Ikiwa kila sekta ina baiti 512, onyesha kwamba haliwezi kuhesabu zaidi ya baiti 2⁴¹.
3. Eleza hatari ya kuanza hatua ya 3 kabla ya hatua ya 1.