Sahani ya Rangi ya Chai: Kuitambua na Kuitafutia Mwenzake

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Nia ya makala haya ni kuwafunza namna ya kutambua vyombo vya zamani vya kioo cha rangi, na namna ya kuvitafutia wenzake vinapovunjika. Somo hili sikulipata darasani. Nililipata kwa aibu, na wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Likizo ya Aprili nilivunja sahani ya nyanya. Si sahani tu, jameni! Ilikuwa mojawapo ya zile sita za kioo cha rangi ya chai ambazo hukaa kabatini na hutolewa wageni wakija. Ilinitoka mikononi, ikagonga sakafu, ikawa punje punje kama mahindi yaliyomwagika. Nyanya alikuwa shambani. Badala ya kungoja nimwambie ukweli, nilizoa vigae, nikachukua pesa zangu za matumizi, mbio hadi sokoni kwa wauza vyombo vya mtumba. Nikapata sahani ya rangi ile ile. Nikaichomeka katikati ya zile tano, nikajiona mjanja.

Jioni nyanya alifungua kabati, akaziinua zote sita kwa pamoja. Zikayumba. Hakuwa hata amewasha taa. Akauliza, "Na huyu mgeni ametoka wapi?" Nilikiri papo hapo. Hakunigombeza, ila aliniketisha na kunionyesha mahali nilipokosea. Mengine nimeyaongeza kwa kusoma.

MAJINA KWANZA

Sisi ni wanachama wa Kiswahili, basi tuanze na maneno. Kioo ni mata yenyewe, na pia ni kile tunachojitazamia. Bilauri ni gilasi ya kunywea, na asili ya neno hilo ni Kiarabu. Rangi hii ya chai ina jina lake, nalo ni kaharabu. Kipande cha chombo kilichovunjika ni kigae. Chuma cha kutilia umbo kioo kilichoyeyuka huitwa kalibu.

MAMBO MANNE YA KUKAGUA

Kwanza, geuza chombo. Chini yake huwa kuna maandishi yaliyoinuka. Za nyanya zimeandikwa Duralex na France. Ile niliyonunua iliandikwa Vereco, ambalo pia ni jina la Ufaransa, lakini si lile. Mimi niliangalia rangi tu!

Pili, usidanganywe na namba. Chini ya vyombo vya Duralex kuna namba ndogo. Wengi hudhani ni mwaka au ukubwa. La hasha! Ni namba ya kalibu. Watoto wa shule huko Ufaransa hucheza nayo wakati wa chakula, kila mtu akisoma "umri" wake chini ya gilasi. Kwa hivyo sahani mbili zaweza kuwa na namba tofauti na bado zikawa za seti moja.

Tatu, chunguza rangi mchana, juu ya karatasi nyeupe. Taa ya umeme hudanganya. Kisha uliza: rangi imo ndani ya kioo au imepakwa juu? Kaharabu imo ndani. Hupatikana kwa kutia chuma kidogo, salfa na kaboni kioo kinapoyeyushwa. Buluu iliyokolea hutokana na kobalti. Rangi za aina hii hazitoki kwa kuoshwa. Ikiwa inabambuka, basi ilipakwa, na baadhi ya rangi za zamani zilitiwa risasi, ile metali yenye sumu. Chombo kama hicho kiwe pambo, usikilie chakula.

Nne, pima. Chukua rula, pima upana, kimo na upana wa kitako. Halafu ipange juu ya wenzake. Ikitulia, huenda umepata ndugu. Ikiyumba, ni mgeni.

KWA NINI ILIKUWA PUNJE PUNJE?

Kampuni ya Duralex ilianza mwaka 1945, na kiwanda chake kiko La Chapelle-Saint-Mesmin, karibu na Orléans. Kioo chake hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha hupozwa ghafla kwa upepo. Ngozi ya nje hukaza na kubana, huku ndani kukivuta. Mvutano huo ndio nguvu yake. Lakini ngozi ikipasuka, nguvu yote hufunguka mara moja na chombo kizima hutawanyika. Vioo vya milango ya magari ni vivyo hivyo. Ndiyo maana sahani hii haiungiki kwa gundi wala haikatwi. Ikienda, imeenda.

UKIENDA SOKONI

Beba karatasi yenye vipimo, jina na mchoro wa ukingo. Ukiweza, beba sahani nzima moja, uifunge kwa taulo. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo ili utambue palipomeguka. Usinunue yenye mikwaruzo mirefu, maana huanza hivyo hivyo kabla ya kupasuka. Waulize pia shangazi na majirani, kwani sahani moja isiyo na wenzake hukaa kabatini miaka mingi bila kutumiwa.

La mwisho ndilo kubwa: mwambie mwenyewe kwanza. Nyanya aliniambia alizinunua moja moja, kila mwisho wa mwezi, kwa mshahara wa kuchuma chai. Miezi sita, sahani sita. Ningejuaje hayo ilhali nilikuwa nimeficha vigae?

Mpaka ninapoandika, ziko tano. Ile "mgeni" ndiyo ninayolia mimi nikienda kwake, na karatasi ya vipimo ingali mfukoni.

ZOEZI

1. Geuza vyombo vitatu vya kioo nyumbani kwenu, uandike kilichoandikwa chini yake.
2. Tunga sentensi ukitumia: kaharabu, kalibu, kigae, ukingo.
3. Muulize mwenye vyombo hivyo alivipataje. Andika jibu lake kwa aya moja.