Maji ya Sigara ya Kielektroniki
Wazazi, mkikuta chupa ya gliserini chumbani kwa kijana, mwulizeni kwa upole. Pengine anajipaka tu. Lakini wapo wanaojichanganyia maji ya sigara ya kielektroniki. Gliserini ni nzito, basi huizimua kwa maji ya betri au pombe. Maji ya betri ni mvuke uliopozwa, ila chupa zake na za asidi hufanana! Spiriti ya jiko huweza kuwa na methanoli, ipofushayo macho. Mafuta ni hatari zaidi: Marekani, hadi Februari 2020, watu 68 walikufa kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa hasa na mafuta ya vitamini E. Nikotini nayo hupenya hata ngozi. Mtoto akiimeza, msimtapishe. Mwahisheni hospitali, na chupa mje nayo.