Gari la Mlimani: Magonjwa Yake na Gharama Zake



Wengi wetu hapa Magamba hatuna gari, lakini wote tunalitegemea gari. Kabeji, karoti na viazi vyetu haviwezi kushuka Mombo kwa kichwa. Mgonjwa akizidiwa usiku, tunatafuta gari la kumpeleka Lushoto. Kwa hiyo gari la kikundi ni mali yetu sote. Dereva ana kazi yake, fundi ana yake, na sisi wanachama tuliojifunza kusoma na kuhesabu tuna yetu.

Masika yaliyopita tulipanda Land Rover ya kikundi kimoja cha wakulima, tukitoka Mlalo kuja Magamba. Njiani dereva alisimama mara tatu kuongeza maji. Tukamwuliza, "Vipi ndugu, gari lina nini?" Akajibu, "Aa, mwalimu, hili ndivyo lilivyo. Linakunywa maji tu." Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Kabla ya kufika Magamba injini ilizimika, haikuwaka tena. Mzigo ulikaa siku mbili kwenye mvua, na kabeji nyingi zikaoza. Fundi alipofungua alikuta chanzo ni mpira mmoja wa rejeta uliopasuka. Gari lilikuwa linatuambia tangu mwanzo, nasi tulicheka.

Leo basi tujifunze kulisikiliza gari.

MANENO YA KUJIFUNZA
Rejeta: chombo cha kupoza maji ya injini.
Gasketi: bamba jembamba linalozuia maji, oili na moto wa injini visichanganyike.
Ekseli: chuma kinachozungusha gurudumu.
Chesisi: mifupa ya gari, yaani vyuma virefu vya chini vinavyobeba kila kitu.

1. INJINI KUCHEMKA
Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400. Gari lenye mzigo hupanda mita 1,000 katika safari ya kilometa 32 hivi, na kutoka Lushoto kuja Magamba linapanda tena. Injini hufanya kazi nzito na hupata joto kali. Maji yakipungua, joto hupindisha vyuma na kuunguza gasketi.

Dalili ni hizi: maji yanapungua kila siku, moshi mweupe unatoka hata injini ikiwa imepata moto, oili inageuka rangi kama chai ya maziwa. Ukiona oili ya namna hiyo, gari lisiende hata hatua moja. Na kumbuka: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yatakurukia usoni.

2. BREKI
Hapa hatuzungumzii fedha tu, tunazungumzia roho za watu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Dereva akishuka mlima huku amekanyaga breki muda wote, breki hupata moto mkali. Ule unyevu huchemka ukawa mvuke. Hapo mguu unazama mpaka chini, na gari halisimami.

Dawa yake ni tatu. Kwanza, mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama hayajapungua. Tusiweke kitu kingine badala yake. Pili, dereva ashuke kwa gia ndogo, ili injini yenyewe izuie gari. Wazee wa kazi husema, shuka kwa gia uliyopandia. Tatu, dereva asishuke na gia huru kwa kusema anaokoa mafuta. Mwanachama aliyemo ndani ana haki ya kusema, "Ndugu, tia gia."

3. EKSELI KUKATIKA
Ugonjwa huu unajulikana sana kwa Land Rover za zamani kama 109. Injini inanguruma, gia imeingia, lakini gari haliendi. Mara nyingi ni ekseli ya nyuma imekatika kwa sababu ya mzigo kupita kiasi, au dereva kuachia klachi ghafla kwenye tope.

Tahadhari! Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu yenyewe. Hushika chuma kinachopeleka nguvu nyuma. Ekseli ikikatika, breki ya mkono haizuii gari. Wekeni mawe makubwa nyuma na mbele ya magurudumu kabla mtu yeyote hajaingia chini ya gari.

4. CHESISI KULIWA NA KUTU
Mwili wa Land Rover hizi ni wa aluminiamu, haushiki kutu ya chuma. Lakini chesisi ni ya chuma. Tope la masika likikaa chini miezi mitatu, chuma huliwa taratibu huku juu gari linang'aa. Tuoshe chini kwanza, ndipo tuoshe juu. Tukumbuke pia kuwa 109 ziliacha kutengenezwa mwaka 1985, na Defender za umbo la zamani ziliisha Januari 2016. Gari la namna hii ni mzee, na mzee anahitaji kutunzwa.

HESABU
Bei hizi ni za mfano, kwa ajili ya zoezi. Ulizeni bei za dukani kwenu.

Kuziba mapema:
Mpira wa rejeta Sh. 30,000
Fundi Sh. 10,000
Jumla Sh. 40,000

Kungoja mpaka injini ife:
Gasketi Sh. 90,000
Kusawazisha kichwa cha injini Sh. 120,000
Oili mpya Sh. 110,000
Fundi Sh. 150,000
Kuvutwa hadi gereji Sh. 180,000
Jumla Sh. 650,000

Tofauti ni Sh. 610,000, na kabeji zilizooza hatujazihesabu.

DAFTARI LA GARI
Kila kikundi kiwe na daftari moja. Kila asubuhi, kabla gari halijawashwa, mwanachama mmoja aandike: tarehe, maji yameongezwa kiasi gani, oili ikoje, mafuta ya breki yako wapi, chini ya gari kuna tone la nini. Maji yakiandikwa kuwa yamepungua siku tatu mfululizo, gari liende kwa fundi. Fundi akitengeneza, aandike alichobadilisha na bei yake, na spea ya zamani airudishe tuione.

Kila safari iweke akiba ya matengenezo kabla ya kugawana mapato. Fedha ya spea tusiitafute siku gari limelala njiani.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini dereva asishuke mlima na gia huru?
2. Oili ya rangi ya chai ya maziwa inatuambia nini?
3. Kikundi kinaweka Sh. 15,000 kila safari. Kikienda safari 20 kwa mwezi, kitakuwa na kiasi gani? Je, kitatosha kulipia mpira? Kitatosha kulipia gasketi?
4. Katika kikundi chenu, nani ataandika daftari kesho asubuhi?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari la mlimani, ukuta huo unaweza kuwa kaburi. Tulisikilize gari letu mapema.